Kwa Nini Paka Halii

...na kidole cha mwalimu bado kilikuwa juu ya picha, juu ya mkia wa paka, kwa sababu swali alikuwa ameshaliuliza na lilikuwa swali jepesi, kwa nini paka yuko chini ya meza, kila mwaka huliuliza na kila mwaka watoto wa darasa la kwanza humjibu yaleyale, anatafuta mfupa, amelala, anamvizia panya, na yeye husema vizuri, hebu tazameni tena, masikio yamekaaje, mkia umekaaje, maana kusoma si kutaja herufi tu, ni kuelewa kilichotokea, ndivyo alivyomweleza mkaguzi asubuhi, mkaguzi ambaye sasa amekaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, anaandika, na watoto wamebanana mkekani shingo zimewatoka, na Pengo akanyoosha mkono, Pengo, binti wa kaka yake, ambaye darasani humwita mwalimu na nyumbani humwita shangazi, asiyenyoosha mkono hata umbembeleze vipi, akasema polepole, "Anamngoja baba amalize," amalize nini, aliuliza mwalimu, tabasamu lingali mdomoni, kwa kuwa pichani kuna baba amekaa mezani na sahani yake, na jibu lingeweza kuwa kula, Mungu wangu, lingekuwa tu kula, "Amalize kupiga." Watoto wawili wakacheka, mkaguzi akainua macho, na yeye kwa mazoea, mdomo ukijiendea wenyewe kama cherehani, akauliza swali linalofuata, umejuaje, ni nini pichani kimekuonyesha, na mtoto akasema, "Halii. Akilia anaongezewa."

Akilia anaongezewa... maneno hayo hayamo kwenye kitabu hiki wala kitabu chochote, yalisemwa sikioni mwake alipokuwa na umri huuhuu, kwenye kona kati ya kabati na ukuta, na kaka yake, kaka wa miaka kumi, aliyekuwa amemlalia ili waya wa pasi umpate yeye kwanza, usilie, ukilia anaongeza, na waya ukashuka, waya si kama kofi, kofi lina kishindo, waya unapiga mluzi, halafu kimya kidogo, halafu ngozi inachanika, na damu ya kaka ikamdondokea shingoni, ya moto, akadhani kaka kajikojolea, na baba akihema kama mtu anayepasua kuni, akipumzika, akianza tena, na mama jikoni akisugua sufuria iliyokwisha takata zamani, akisugua, akisugua, na kaka hakulia, alimng'ata yeye bega badala ya kulia, alama ya meno ipo mpaka leo, alimwonyesha mumewe walipooana, akasema hii ni alama ya mtu aliyenipenda, alisema hivyo kwa fahari, na mtu huyo ndiye... hapana, mtoto ameona kwa majirani, watoto huona mengi, au ni televisheni, hapana, acha kujidanganya, na lile jino je, Jumapili ile kaka alipokuja na binti mdomo umevimba, akasema limetoka lenyewe, si ndiyo umri wake, na yeye, bingwa wa kutazama picha, akacheka, akasema haya njoo Pengo wa shangazi, jina likanata, shule nzima ikalichukua, na kila asubuhi analiita kwa sauti, Pengo, yupo, wakati jino la utoto linalotoka lenyewe halivimbishi mdomo, halipasui ufizi, nani asiyejua hilo, na wifi yake siku ileile alivaa mikono mirefu jua likiwaka, akaosha vyombo kwa mkono mmoja, akasema amegonga mlango wa kabati, na kaka akadakia, huyu mke wangu macho anayo ya mapambo tu, wakacheka wote, na aliyecheka kuliko wote ni yeye.

Angempata kaka sasa hivi angemvunja vidole, kimoja kimoja, angemwangusha sakafuni, angemkanyaga mdomo mpaka meno yatoke yenyewe, si ndiyo umri wake, na aliuona mkono wake mwenyewe umeshika waya, aliuona waziwazi jinsi waya ulivyomkaa vizuri kiganjani, kama aliyezaliwa nao, akaogopa, kwa sababu ukurasa ulikuwa umejikunja chini ya kidole, na kwa sababu wiki iliyopita alimfinya sikio yule mtoto anayesahau penseli, alimfinya mpaka kucha ikaacha alama, akasema moyoni nimemkanya tu... na mkaguzi nyuma kule akasema jibu hilo ni zuri sana, mwalimu, mtoto anaona hata yasiyochorwa, akaandika, kalamu ikikwaruza, na mtoto wa mbele akasema, "Mwalimu, fungua mbele."

"Ngojeni," alisema, na hakufungua, Pengo alikuwa anamtazama yeye, si kitabu, kajikunyata, anahofia amesema kisichosemwa, na kaka atajitetea, anamjua, hatapiga kelele, atavua shati, atamgeuzia ule mgongo wenye makovu kama barabara zilizochorwa na mlevi, atasema nani alikulalia, dada, nani, na itakuwa kweli, hilo ndilo baya, itakuwa kweli kabisa, na miaka yote hii ukweli huo ulikuwa umemkaa mdomoni kama kitambaa, lakini mtoto huyu hakuwepo siku ile, hakulaliwa na mtu, hana wa kumlalia, anajikunja mwenyewe chini ya meza yao na kuhesabu pumzi za baba yake, kwa hiyo kipindi kikiisha atamshika mkono waende kwa mwalimu mkuu, na huko waite polisi, na polisi watamuuliza mtu huyu ni nani kwako, atajibu ni kaka yangu, tumbo moja, na saa sita kaka atasimamisha pikipiki getini kama kawaida, atapiga honi, atatabasamu, atamkuta yeye na askari, hatamkuta mtoto, atamtazama dada yake kwa macho yale ya miaka kumi, na yeye hatayakwepa, atasema ni huyu.