Mwenza wa Mezani

Mke wa baba yake aligeuza karata kwa ncha ya ukucha, kama mtu anayepindua mdudu aliyekufa kuona kama kweli amekufa.

"Hii ni ree," alisema. "Ndiyo kubwa kuliko zote. Inatosha, au nirudie?"

Msumari alikuwa akitazama mapazia. Yale ya mama yake yalikuwa ya buluu, mepesi, yakipepea dirisha likifunguliwa. Haya yalikuwa mazito, rangi ya damu ya mzee, yamesimama wima kama askari wa zamu. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu mama yake alipofunga virago na kuhamia kwa kaka yake. Na hata sasa asingekuja kama si simu ya baba, simu ambayo haikuwa na salamu wala habari za siku nyingi.

"Wa nne wetu ametukimbia," baba alikuwa amesema. "Briji haichezwi na watatu. Njoo Jumamosi mchana, utafundishwa."

Hivyo ndivyo alivyozungumza na kila mtu. Alikuwa hakimu maisha yake yote, na kustaafu kulimvua joho tu, hakukumvua sauti. Hata jina la Msumari ni yeye aliyempa bintiye, enzi zile mtoto akigoma mahali hang'oki mpaka abebwe. Msumari angeweza kugoma na safari hii. Lakini aliitikia upesi kiasi cha kujishangaza. Alikuwa amealikwa kwenye starehe ya watu aliowachukia, na alikuwa na mikono miwili mizima ya kuiharibu.

Mchezo wenyewe alielezwa kwa kubwatukiwa. Wanacheza wanne, wawili wawili, na mwenza wako hukaa mkabala nawe. Karata zikishagawanywa, watu hunadi: kila upande huahidi utakula mizunguko mingapi, na karata za aina gani, uru, pau, kopa au shupaza, ndizo ziwe turufu, zinazokula nyingine zote. Aliyeahidi zaidi ndiye mwenye mzigo, asipotimiza, ameumbuka. Na mwenza wake hulaza karata zake zote wazi mezani, akakaa kando. Huyo huitwa bubu.

"Bubu hasemi," hakimu alisisitiza, kidole juu. "Hashauri, hakohoi, hapandishi hata nyusi. Karata zake anazichagua mwenziwe."

Baba alicheza na rafiki yake wa siku nyingi, mpima ardhi mmoja mnene aliyecheka kabla ya mzaha kufika mwisho. Msumari akabaki na mke wa baba. Alipovuta kiti na kumwona yule mwanamke mbele yake, uso kwa uso, shingo imenyooka na mkufu umetulia juu yake, aliyarudisha macho kwenye mapazia.

Jumamosi ile ya kwanza alifanya alichokijia. Mwenza wake alipotupa mfalme wa uru, akiwa tayari ameushinda mzunguko, Msumari alimpiga turufu. Kumpiga turufu mwenza aliyekwisha kula ni sawa na kumpokonya mtu tonge alilokwisha kulitia kinywani. Mpima ardhi aliangua kicheko mpaka akashika meza.

Hakimu hakumtazama binti. Alimtazama mkewe. "Ndivyo ulivyomfundisha?"

"Anajifunza," alijibu mkewe.

Baadaye, jikoni, mwanamke yule aliosha glasi bila kugeuka. "Ulikuwa na pau ndogo ya kutupa. Nilikuwa nahesabu. Umefanya makusudi."

"Basi nenda kamshitakie mumeo."

"Simshitakii mtu." Alizima bomba. "Ila kama unataka kuniumiza, binti, jifunze kwanza kucheza. Kwa sasa huniumizi. Unanichosha tu."

Maneno hayo yalimkaa Msumari kooni juma zima. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika karakana ndogo yenye harufu ya nta na vumbi la plasta. Alinunua karata, na kila alipongoja plasta ikauke aligawa karata za watu wanne juu ya meza, katikati ya taya zilizokenua kama watazamaji wasioridhika. Alicheza pande zote nne. Alijifunza kuhesabu turufu zilizotoka na zilizobaki, kukumbuka nani alitupa nini na kwa nini. Hakujifunza kwa mapenzi. Alijifunza kama mtu anavyonoa kisu cha ugomvi.

Wakati huohuo mke wa baba alianza kumtaka afike mapema, kabla ya wanaume. Hayakuwa masomo ya upole. "Turufu ngapi zimetoka?" angeuliza ghafla, na Msumari akikosea, karata zote zilikusanywa na kugawanywa upya. "Mikono yako inatengeneza meno. Kichwa chako kinatengeneza nini?"

"Mimi natengeneza meno," Msumari alimrushia siku moja. "Sijawahi kumng'oa mtu yaliyo yake nikajivika mwenyewe."

Rangi ilimtoka mwanamke, kisha ikarudi kidogokidogo, kuanzia shingoni. Zamani alikuwa karani katika mahakama ya hakimu, na mji mzima ulijua jinsi faili zilivyogeuka kuwa chakula cha mchana na chakula cha mchana kikageuka kuwa ndoa.

"Mchezo huu baba yako nilimfundisha mimi," alisema hatimaye, kana kwamba anajibu swali jingine kabisa. "Hakujua turufu ni kitu gani. Haya, gawa."

Msumari aligawa. Alijiambia kwamba ameshinda raundi ile, lakini ushindi wenyewe ulikuwa mkavu kama vumbi la karakana.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja ya mvua. Mke wa baba ndiye aliyenadi juu, na Msumari akawa bubu. Alilaza karata zake, akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuhesabu wala la kupanga. Kazi yake ilikuwa kutazama tu. Mwenza wake alicheza vizuri, kwa subira, mpaka karibu na mwisho alipolazimika kubahatisha, akakosea. Walipungukiwa na mzunguko mmoja.

Hakimu aliweka karata zake chini polepole. Alitabasamu kwa mpima ardhi, si kwa mkewe.

"Mungu hakugawa sawa, ndugu yangu," alisema. "Kuna wanawake aliowapa kichwa cha kufikiria, na kuna aliowapa shingo ya kuvalia mikufu. Mimi nimejaliwa wa aina ya pili."

Mpima ardhi alicheka. Mke naye akacheka, kicheko kifupi, huku mkono ukipanda wenyewe kwenye mkufu.

Msumari aliganda. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia katika chumba hikihiki, mapazia yakiwa ya buluu, siku mama yake alipothubutu kutoa maoni juu ya kesi fulani mbele ya wageni. Kichwa cha kufikiria, shingo ya kuvalia mikufu. Hakuna neno lililobadilika, hata kile kituo kidogo kabla ya "aina ya pili" kilikuwa palepale. Na mama yake alicheka vilevile, mkono shingoni vilevile.

Miaka yote ile alikuwa akimhesabu mwanamke huyu kuwa mwizi aliyeingia akaketi kwenye kiti kitamu cha mtu. Hakuwahi kujiuliza kiti chenyewe kilikaliwaje.

"Baba—" alianza.

"Bubu hasemi," alikatizwa, kwa upole.

"Mchezo umekwisha."

"Basi gawa mwingine."

Alizigawa kwa hasira ambayo ghafla haikujua pa kwenda. Alipozifunua zake, shupaza zilikuwa zimejipanga mkononi kama foleni. Mnada ulipoanza hakimu alinadi. Msumari akapanda juu yake. Hakimu akaongeza, Msumari akaongeza tena.

"Mizunguko kumi, turufu shupaza," alisema.

Mpima ardhi alipiga mluzi. "Huyu kweli ni wako!"

"Napita," alisema hakimu. "Mwache ajitie kitanzi."

Mke wa baba alilaza karata zake wazi. Sasa yeye ndiye bubu. Alizinyoosha safu kwa safu, kisha akaipakata mikono yake, macho mezani.

Wakaanza kucheza. Mvua ilipiga bati la kibanda cha gari, na kila karata ilitua kama kofi. Zilipobaki karata mbilimbili, upande wa Msumari ulikuwa umekula mizunguko minane. Alihitaji yote miwili iliyosalia. Mbele ya bubu zililala ree na bibi wa uru. Yeye alikuwa na uru mbili ndogo. Kilichokosekana ni mfalme, na mfalme alikuwa ama kwa baba, ama kwa mpima ardhi. Akiwa kwa baba, itafaa kumcheza bibi sasa na kubakiza ree. Akiwa kwa mpima ardhi, bibi ataliwa na kila kitu kitakwenda na maji; hapo heri kutanguliza ree, pengine imwangushe mfalme.

Alitupa uru ndogo. Zamu ya baba. Hakimu aliweka uru ndogo pia, bila kusita, kisha akainamia mbele kidogo.

"Usiharakishe, mwanangu," alisema. "Fikiri taratibu. Hata ukikosea, umejitahidi."

Msumari alimtazama. Mwanangu. Baba yake hakuwa mtu wa kumwita mwanangu. Alikumbuka baba alivyolainika sauti siku alipomwita mama sebuleni kumweleza kwamba mambo yamekwisha, talaka tayari ikiwa mfukoni. Hakuwa mpole ila pale alipokuwa na la kumponda mtu mkononi.

"Bibi," alisema.

Mke wa baba alinyoosha mkono, akamsogeza bibi katikati ya meza. Mpima ardhi akatupa saba ya pau. Kisha ree ikafuata, na hakimu akalazimika kumtoa mfalme wake, akamwacha juu ya ree kama mtu anayetema punje ya mchanga.

Hakuna aliyecheka.

"Bahati," alisema hakimu.

"Si bahati," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Amekusoma."

Hakimu alimgeukia kwa namna ambayo pengine watu wengi waliiona wakiwa wamesimama kizimbani. Mwanamke hakuinamisha uso. Kisha hakimu alisukuma kiti, akaenda chumba cha pili na kufunga mlango. Mpima ardhi alikusanya koti na udhuru wake kwa pamoja, akatokomea mvuani.

Wakabaki wawili, mkabala, meza katikati.

"Usifikiri nimekupenda," alisema mke wa baba.

"Wala mimi."

"Vizuri."

Msumari alizikusanya karata, akazigongagonga mezani zilingane. Alikuwa na njia mia za kunyamaza, na zote alizifikiria.

"Yale maneno ya mikufu," alisema hatimaye. "Alimwambia mama yangu pia. Hivyohivyo, neno kwa neno."

Mkono wa mwanamke ulikuwa umepanda hadi shingoni. Alipougundua aliushusha, akauweka mezani kama kitu kisicho chake.

"Naye alijibu nini?"

"Alicheka."

Nyuma ya mlango redio iliwashwa, ikapandishwa sauti, kisha ikapandishwa tena. Halafu hakimu aliita, si kwa jina, kwa kikohozi tu, kile cha mtu aliyezoea kuletewa. Mke wa baba aliinuka nusu. Alisimama hivyo, viganja juu ya meza, akisikiliza.

Kisha akaketi tena.