Penseli ya Mzee Mkude

1.

TANGAZO. Wakazi wote wa Morogoro mnakaribishwa ukumbi wa maktaba, Jumamosi saa kumi jioni, kushuhudia picha alizopiga maisha yake yote Mzee Chanzi Mkude, mpiga picha, zilizotiwa uhai kwa kompyuta na binti yake, Pili. Sura zitapepesa macho. Hakuna kiingilio. Waliowahi kupigwa picha studio kwake watakaa viti vya mbele.

2.

Soma tena hapo mwisho, ndugu yangu. Viti vya mbele! Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, kwa mbwembwe zake. Sasa mtazame. Watu wanaingia, na yeye jasho linamtiririka, kofia kaivua, hajui aiweke wapi.

3.

"Pili, mwanangu, umezifanya nini picha zangu?"

"Nimesafisha, baba. Negativu zilikuwa na mikwaruzo mpaka usoni. Nikaiambia kompyuta iondoe uchafu wote."

"Uchafu?"

"Si ile michoromichoro ya penseli?"

Penseli.

Mzee akatafuta kiti.

4.

Kama hujui, zamani mpiga picha alikuwa na penseli iliyochongwa ikachongeka. Negativu, ile filamu kabla picha haijachapwa, ikikauka, anaiweka juu ya kioo chenye taa, anachora taratibu palipo na doa. Picha ikichapwa kwenye karatasi, doa halipo. Watu walitoka kwa Mkude wamenawiri, wakasema ana mkono mzuri huyu bwana. Kumbe penseli! Iondoe, na madoa yanarudi.

5.

Waliofutiwa:

karani wa posta, chunusi

bibi harusi wa Kilakala, kovu

Zena, jicho

6.

Zena alikuja studio na mumewe, Shomari, na mtoto wao wa kwanza. Wakapigwa picha. Kesho yake akarudi peke yake, mtandio kaushusha mpaka puani.

"Kaka Mkude, nifutie uvimbe wa hili jicho. Picha nitaitundika sebuleni, watoto wataikuta."

Hakumuuliza kalipataje. Angeuliza nini, na Shomari jana alikuwa kasimama pale pale, ngumi kazikunja hata mbele ya kamera? Alichora mpaka jicho likapona. Akamwapia kwamba hilo litabaki baina yao.

Leo Shomari ni mtu mzima wa kuheshimiwa. Mtaani kwao harusi haifungwi mpaka aitwe kuwausia maharusi. Mpole yule, wanasema. Hajawahi kuinua mkono—

7.

— Jamani, yule kanipepesea!

— We, karani alikuwa na chunusi namna hii?

— Na huyu mama je? Masikini, kapigwa na nani?

8.

ILANI. Onyesho likishaanza, ni marufuku kugusa mtambo.

"Izime!"

"Baba, watu wamejaa. Wageni rasmi wame—"

"Izime, Pili! Niliapa mimi! Utanivunjia nyumba ya watu!"

9.

Wakati huo huo Zena akaingia, kamshika mkono mjukuu wake, Tatu. Wakapelekwa mbele. Ukutani, mkubwa kuliko mlango, yupo msichana anayepepesa jicho moja. La pili limevimba, halifunguki.

Mzee Mkude alitimua mbio, na miguu yake ile ya kizee, akaushika waya wa umeme. Zena akamdaka kiwiko.

"Acha, kaka."

"Nisamehe, dada'angu. Ni kompyuta, ni mtoto, ni mimi, ni—"

"Nimesema acha. Ile ya sebuleni nimeitazama mpaka nikaanza kuiamini. Niache nimtazame huyu."

Akamtazama. Machozi yalimtoka wala hakuyapangusa.

10.

"Bibi, nani alikupiga?"

Nje, Mzee Shomari anasalimiana na watu, anacheka, anaulizia hali za nyumbani.

Waya bado uko mkononi mwa Mzee Mkude. Avute?

"Babu yako huyo anakuja," Zena alimwambia mtoto. "Muulize yeye. Uliza kwa sauti, watu wasikie."

Ukumbi

ukanyamaza.

"Asalaam aleikum," Shomari akaingia, mkono kautanguliza. "Jamani, mbona kim—"