Gauni la Marehemu kwenye Kioo cha Kompyuta

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuosha rola, nimerudi nyuma hatua tatu kuutazama ukuta wangu wa sebuleni, mikono kiunoni, najisifu kimoyomoyo. Binti yangu akaingia. Ukuta hakuuona kabisa. Aliiona kompyuta yangu mpya mezani, akaangua kicheko mpaka akashika fremu ya mlango.

"Baba! Nailoni hii mbona hujaibandua?"

"Nailoni gani?"

"Hii ya kwenye kioo! Yaani wiki nzima unaitazama picha ya mama kupitia mfuko?"

Naomba nieleweke. Nimekuwa fundi rangi miaka thelathini na mmoja. Kwa fundi rangi, nailoni haitoki mpaka kazi iishe. Unafunika meza, unafunika viti, unafunika hata swichi, maana tone likidondoka ni lako. Sasa nikiletewa kitu kipya ambacho tayari kimefunikwa vizuri, nitakifunua nina wazimu?

Kompyuta yenyewe wala sikuiomba. Nilipostaafu, wakubwa wa idara ya majengo walikaa kikao, wakanywa chai, wakaamua kwamba fundi aliyeishia darasa la nne apewe kompyuta ya kubeba. Mimi nilitaka ngazi. Miaka yote hiyo nilipanda ngazi yao iliyolegea, na kila mwaka nikaandika barua kuomba nyingine, na kila mwaka nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Siku ya kuniaga, mkuu wa idara akanishika mkono mbele ya kamera, akasema, "Mzee wetu, sasa unaingia ulimwengu wa kidijitali." Nikaingia. Nimo humo mpaka leo, mlango wa kutokea sijauona.

Hata hivyo nilipata kazi ya kuipa, kazi moja tu.

Sebule yangu haikuwahi kupakwa rangi tangu tuhamie. Ndiyo, yangu mimi, fundi. Mke wangu aliniomba mpaka akachoka. "Bwana Brashi," alikuwa akiniita hivyo akitaka kitu, "nipakie ukuta mmoja tu. Rangi ya lile gauni langu la harusi ya mdogo wako. Nimesema ukuta, sijasema jumba." Nami namjibu, subiri mama, mkurugenzi amalize kubadili ofisi. Wakurugenzi hawamalizi kubadili ofisi. Kila anayeingia anaona rangi ya aliyetoka ina mkosi. Aliyemaliza ni mke wangu, mwaka juzi, wodi namba sita, na ukuta wake ukiwa saruji tupu.

Gauni halipo. Baada ya mazishi dada yake aliniuliza ningependa kubaki na nguo ipi. Nikajifanya dume la chuma. "Chukueni zote," nikasema. Wakachukua zote.

Kilichobaki ni picha moja. Binti yangu aliniwekea kwenye kompyuta: mama yake yuko harusini, kainua mkono kama anayemfukuza mpiga picha, anacheka, na gauni lote linaonekana mpaka pindo. Kwa hiyo nilikaa mbele ya kioo na makopo yangu, nikachanganya kidogo kidogo, nikalinganisha, nikaongeza tone hapa na tone pale, mpaka ukuta na gauni vikawa kitu kimoja. Rangi iliyotoka ilikuwa ya kijani kilichochoka, kama shati lililofuliwa mara mia. Nikajiambia, mama watoto alikuwa mtu wa staha, hapendi makelele.

Binti yangu akaishika ile nailoni pembeni, akaivuta. Krrrr. Chini yake gauni likaruka. Rangi mbichi, yenye bluu ndani yake, hata kidogo haikuchoka.

Tukautazama ukuta wote wawili.

"Sasa huu, baba?"

"Huu ni mkono wa kwanza wa rangi tu," nikadanganya.

Jumatano nikachanganya upya. Safari hii nilikuwa makini. Niliketi kwenye kigoda, kioo mbele yangu, nikalinganisha mpaka macho yakatoa machozi, nikapaka nusu ya ukuta. Sawasawa kabisa. Alhamisi nikajitengenezea chai, nikaketi kwenye kochi niufaidi ukuta wangu, na kwa mbali nikaitazama ile picha. Gauni lilikuwa kijani. Nikasimama, likawa bluu. Nikainama, likawa jivu. Nikachuchumaa, nikasimama, nikachuchumaa tena. Jirani yangu, mama mshonaji, alikuwa anapita dirishani.

"Mzee mwenzangu, hayo ni mazoezi au ni mgongo?"

"Ni mke wangu," nikamjibu.

Akaenda zake bila kuaga.

Nikampigia simu shemeji, yule dada mtu. "Kijani, shemeji. Nakuapia, kijani." Nikamuuliza binti yangu. "Bluu, baba. Bluu kabisa." Wakapigiana simu wenyewe kwa wenyewe, wakanuniana, na nasikia hawajapatana hadi sasa. Mimi nikajaribu rangi ya katikati kwenye robo ya ukuta. Ijumaa asubuhi ukuta ulikuwa na rangi tatu, kama bendera ya nchi iliyopinduliwa.

Nikaibeba kompyuta mpaka dukani ilikonunuliwa. Kwapani nilikuwa na kipande cha ubao chenye rangi zangu zote tatu, ushahidi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba.

Kwenye kaunta alikuwepo fundi wa kompyuta, binti mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kioo chenu hiki ni kigeugeu."

"Kimepasuka?"

"Afadhali kingepasuka. Kinadanganya."

Akakipima. Akakijaza wekundu mtupu, kisha kijani, kisha bluu, kisha weupe, huku anasogeza uso karibu kama anayetafuta chawa. "Kizima, mzee wangu. Hakina doa wala mstari. Kompyuta hizi za kawaida ndivyo zilivyo, ukihama na rangi inahama. Labda huu unjano nikupunguzie kidogo." Akabonyeza mahali. Gauni likabadilika mara ya nne.

"Usiguse!" nikapiga kelele, duka zima likageuka. "Nimechanganya makopo mawili kwa huo unjano! Niitie mkubwa wako."

Meneja akaja, tai shingoni, kitambulisho kifuani. Nikamfungulia bomba. Nikamwambia nyie wakubwa wote mama yenu mmoja. Mnakaa kwenye vikao, mnaamua kioo cha mnyonge kionyeshe chochote tu, yeye atajua nini? Nikamwambia habari za ngazi. Nikamwambia habari za wakurugenzi na mikosi yao, na za marehemu mke wangu na gauni lake la harusini. Tatizo ni kwamba alinisikiliza. Mimi nimezoea wakubwa wanaoangalia saa na kuondoka katikati, hapo ndipo hasira yangu hupata mafuta. Huyu alisimama akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia, nikabaki nimeshika ubao wangu kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

"Pole sana kwa msiba, mzee," akasema. "Tufanye hivi. Picha hiyo tuiweke kwenye kompyuta zote za hii rafu. Utakayoiona ina rangi ya kweli, hiyo hiyo nakubadilishia, hapa hapa."

Fundi akapita nayo moja baada ya nyingine. Kwenye rafu ndefu ya ukutani mke wangu akaanza kutokea, mmoja, wawili, watano, mpaka wakafika kumi na wawili, wote wameinua mkono, wote wananicheka. Na magauni kumi na mawili. Kijani cha mgomba. Bluu ya sabuni ya unga. Moja lilikaribia zambarau. Kwenye ya tatu hata uso wake ulikuwa na ile rangi ya wodi namba sita, nikaipita haraka.

Wateja wakasogea. Mama mmoja aliyekuja kununua waya wa chaji akasema, "Alipendeza jamani. Hii ya mwisho ndiyo yenyewe." Mwenzake akasema, "Thubutu! Ile ya pili." Nikatembea rafu nzima kwenda na kurudi, nikiinua ubao wangu mbele ya kila mmoja.

"Siku hiyo ya harusi ulikuwepo, mzee?" meneja akaniuliza taratibu.

"Nilikuwepo! Meza ya mbele."

Na kweli nilikuwepo. Ukumbi ule nitakuchorea sasa hivi. Kuta zilikuwa krimu, zimepakwa mkono mmoja badala ya miwili, na karibu na swichi rangi ilikuwa imechuruzika, ikakaukia pale pale. Niliitazama michuruziko ile tangu maharusi waingie mpaka keki ikakatwa, namsimulia shemeji wa kiume jinsi wakubwa wa ukumbi walivyokula hela ya mkono wa pili. Mke wangu alikuja mara mbili kuninyanyua tucheze. Nikamwambia subiri, mama, namalizia hoja.

Meneja alikuwa ameshatoa ufunguo wa rafu. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akanitazama bila kejeli yoyote.

"Basi tuambie wewe, mzee wangu," akasema. "Mama alivaa rangi gani?"