Shikamoo Penye Moto wa Vyungu

Mboni alikuwa na mdomo, hilo hata mwenyewe hakulikataa. Angeweza kukusema kuanzia kisimani hadi mlangoni kwako, ukaingia ndani, ukafunga, na bado yeye anaendelea. Lakini siku ya kuchoma vyungu, aka! Hata chafya aliibana.

Ndiyo ilikuwa mila ya wafinyanzi wa kwao, huko nyuma ya Kinjumbi. Moto ukishawashwa, mtu hasemi mpaka chungu cha mwisho kinyweshwe maji ya magome ya mkoko. Na kubwa kuliko yote, salamu haitolewi wala haiitikiwi. Wazee walisema moto ukisikia watu wanaamkiana hudhani umepata mgeni, hukurupuka kumlaki, na vyungu vinapasuka. Wenyeji walilijua hilo. Wakiona moshi, walizunguka kwa nyuma, kimya.

Ilipokuja ile operesheni ya vijiji, watu wakahamishiwa kando ya barabara, Mboni aliacha nyumba, akaacha minazi yake, lakini mila alikuja nayo. Kinamama wafinyanzi wakaunda kikundi cha ujamaa, naye ndiye akawa mkubwa wao. Chungu kikipasuka, hakuwahi kulaumu udongo. Alitafuta aliyefungua kinywa, na akampata.

Moyoni, hata hivyo, alikuwa na donda. Mwanawe wa pekee, Abilahi, alifanya kazi Mitwero, akamwoa huko huko msichana wa Kikristo kutoka Uwanda wa Makonde, Magdalena, bila kumshauri mama. Siku alipomleta nyumbani, binti wa watu alipiga magoti uani: "Shikamoo, mama." Mboni akampa kisogo, akaenda jikoni kupekecha mboga. Hakuitikia. Abilahi akamshika mkewe mkono, wakaondoka siku ile ile, na hakurudi tena. Jamani, Mboni alijuta! Alijuta mpaka akakonda. Aliposikia amepata mjukuu, kiburi kikamwisha kabisa, akamtuma utingo wa lori la korosho: "Mwambie Abilahi, mama kasema waje."

Basi siku moja moto ulikuwa umekolea, vifuu vya nazi vinalia ndani yake, vyungu vimewiva hadi kuwa vyekundu. Mboni na shoga yake Binti Ismaili walikuwa wanaviopoa kwa miti mirefu. Kila kilichotua mchangani, Mboni alichovya tawi kwenye karai la maji ya mkoko akakichapa nalo. Kikalia chwaaa, mvuke ukapanda, na kilipotulia kilikuwa cha hudhurungi, kinang'aa. Hapo ndipo chungu kinapozibwa. Ukichelewa kikapoa, kitakuvujia maisha. Ulibaki mtungi mkubwa peke yake, na Mboni alikuwa ndiyo kwanza auinue kwa mti, mikono yote miwili imeshika, jasho linamchuruzika.

Lori likasimama barabarani. Akashuka mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Huyo habari za kuzunguka kwa nyuma atazijulia wapi? Alikuja moja kwa moja mpaka penye joto, akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa Magdalena. Mboni alimtambua, moyo ukamlipuka kwa furaha na hofu, lakini mdomo haukufunguka. Akamtolea macho, maskini, akitaka amwelewe. Magdalena aliona macho makali tu. Binti Ismaili naye akatikisa kichwa harakaharaka, maana yake subiri kidogo. Magdalena akadhani anaambiwa hatakiwi.

Akangoja. Kisha akainuka, akapangusa magoti.

"Abilahi aliniambia hutaniitikia," akasema taratibu. "Mimi nikambishia. Nikamwambia, mama mwenyewe ametuita, acha nitangulie." Akaweka kikapu chini. "Tumekuletea mchele."

Akageuka kulifuata lori. Utingo alikuwa tayari anagonga bodi, dereva anakoroga gia. Juu ya ukingo wa kanga kilionekana kichwa cha mtoto, na masikio yale, loo, masikio ya Abilahi matupu! Mboni aliona wazi kwamba lori lile likiondoka, mwanawe hatamwona tena mpaka anazikwa.

"Marahaba!" akapiga ukelele. "Marahaba, mwanangu! Marahaba, usiende!"

Pa! Mtungi ukapasuka ungali mtini, vigae vikamwagika mchangani.

Magdalena alirudi mbio, akasimama mbele ya vigae. "Mama, ni mimi? Nimefanya nini?"

Binti Ismaili akashusha pumzi. "Mwanangu, hukujua, si kosa lako. Sisi huku, salamu penye moto..."

"Udongo," Mboni akamkata. "Ulikuwa haujakauka. Mimi mwenyewe niliuharakisha."

Binti Ismaili alimtazama. Mtungi ule walikuwa wameuanika pamoja, wakaugeuza pamoja kila asubuhi, mpaka ukawa mkavu, unalia ukiugonga kwa ukucha. Akautazama uso wa shoga yake, ulivyokuwa unamwomba. Kisha akainama, akaokota kigae kimoja, akakipindua kama anayekikagua.

"Kweli kabisa," akasema. "Ulikuwa mbichi huu."

Magdalena akapumua, akafungua kanga, akampa Mboni mtoto.