Jaketi la Kumi na Mbili

Wabwile alikuwa amefika kwa abiria wa nane. Alivuta kamba za jaketi la kuokolea kifuani pa mzee mmoja, akapiga fundo, akalijaribu kwa vidole viwili kama alivyofunzwa, kisha akasogea kwa wa tisa. Ukingoni, upande wa Matulo, Kiplimo, mtahini kutoka Kitale, alitia alama karatasini kwa kila fundo. Mtihani wa kuandika Wabwile alikuwa ameshaupita. Akiupita na huu wa vitendo, angepewa cheti, na baada ya miaka kumi na tisa ya kuvusha watu mto Nzoia kwa pondo, angevusha kwa sheria. Akianguka, mashua isingebeba hata mtu mmoja mpaka mtihani wa mwaka ujao.

Wa kumi na mbili alikuwa mama mkwe wake.

Alikuwa ametoka zahanati, amekaa mbele kabisa, amempa mgongo, leso kichwani. Siku nyingine mama huyo akitaka kuvuka, Wabwile hushuka na kumwachia pondo ndugu yake Walubengo, maana kwa Wabukusu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kwa salamu ya mkono. Lakini leo anayetahiniwa ni yeye, na sheria yasema nahodha ndiye afungaye. Kule Kitale, kwenye mafunzo, yeye na wenzake walijifunzia katika ukumbi wa kanisa, wamekalia mabenchi wakiyaita mashua, wanaume peke yao wakifungana majaketi na kutaniana. Jambo hili halikumjia mtu akilini.

Akamwomba Dinah, muuza vitunguu aliyekaa karibu, amfungie mama.

Kiplimo akainua kichwa. Hakukasirika. Aliuliza sababu, akaelezwa, akasema hata kwao mlimani heshima za namna hiyo zipo. Halafu akauliza, "Sasa akianguka majini, nahodha?"

"Nitamtupia kamba."

"Na asipoweza kuishika?"

Wabwile akatazama maji. Jibu alilijua, Kitale aliliandika kwa mwandiko mzuri. Kulitamka hapa, mama akisikia, na watu wa soko wakisikia, kulikuwa jambo jingine.

Mama mkwe akasema bila kugeuka, "Dinah, mwambie huyo mwenye mashua aseme atanishika. Mimi nataka kufika nyumbani."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Hilo siwezi kusema," Wabwile akajibu.

Kiplimo akarudia swali, polepole, kama anayempa mtu nafasi. Wabwile akatikisa kichwa; Kiplimo akaandika. "Mto haujui mkwe, mzee. Tuonane mwaka ujao."

Abiria wakavua majaketi, wakashika njia ya darajani, mwendo wa saa moja na nusu. Mama mkwe alikuwa wa mwisho, akiuvuta mguu uliofungwa bandeji. Phelista, mkewe Wabwile, aliyekuja kutazama mtihani, alisimama ukingoni akimtazama mama yake mpaka akapotea kwenye mahindi.

"Hiyo heshima umempa," akasema, "ataibeba na ule mguu."

Kiplimo alikuwa ameagiza mashua itolewe majini, basi Wabwile na Walubengo wakaanza kuivuta. Mbao zilikuwa zimenywa maji ya miaka. Kila walipohesabu tatu ilisogea shubiri moja, kisha matope yakaing'ang'ania. Jua lilipozama, nusu yake bado ilikuwa mtoni.

"Tuiache, bana," Walubengo akasema. "Kesho tutatafuta magogo ya kuiviringishia."

Wakaifunga kwenye mzizi, wakaenda kunawa.