Shemeji na Uchafu wa Siku Mbili

Mdogo wa mume wangu aliletwa kiwandani kuwa msimamizi wetu Jumatatu. Kufikia Jumanne mchana alikuwa ameshagundua kwamba mimi nafuja maji.

Mimi ndiye mwendesha chujio, mwaka wa kumi na moja sasa. Maji ya mto hupita kwenye mirija ya chujio, uchafu ukabaki, maji safi yakaenda kutengeneza soda. Kila nusu saa nabonyeza kitufe, maji safi kidogo yanarudi kinyume kwa nguvu, yanang'oa uchafu ulioganda na kuutoa kwa bomba la taka. Dakika moja tu.

"Shemeji, maji yameshasafishwa, halafu unayarudisha kwenye matope?"

"Nisipoyarudisha, mirija itaziba."

"Hayo ni mazoea tu. Ukigusa tena hicho kitufe nakuandikia barua."

Barua ya onyo nilikuwa nayo moja tayari, kwa sababu ya huu mdomo wangu. Ya pili ni kufukuzwa, na nyumbani watoto watatu wananitegemea. Nikaondoa mkono kwenye kitufe.

Jumatano mshale wa presha ukapanda. Shemeji akasema pampu imechangamka. Alhamisi maji yakakatika, soda ikasimama, na mkurugenzi akashuka mwenyewe, amefura.

"Ni huyu mama, mzee," shemeji akamwahi. "Chujio limemshinda."

"Nipe ruhusa nibonyeze hiki kitufe, mzee," nikasema. "Kikishindwa, nifukuze."

"Bonyeza!"

Shemeji akakimbilia bomba la taka, aonyeshe kwa kidole maji yanavyopotea. Nikamwambia asogee kando. Akadhani namficha kitu, akainama zaidi.

Uchafu wa siku mbili ukatoka kwa mkupuo mmoja. Shati jeupe, tai, nywele, vyote vikawa rangi moja.

"Haya yote yamekaa humo tangu lini?" mkurugenzi akauliza.

Shemeji akatema tope, akapangusa macho. "Tangu nilipomkataza kuosha, mzee."

Sikutegemea. Nilikuwa nimemchukia siku tatu nzima, na hapo hapo nikamhurumia.

"Mama, endelea na kazi yako," mkurugenzi akasema. "Na wewe, kwa wiki hii utakaa hapa ufundishwe."

Alipoondoka, nikamletea shemeji ndoo ya maji safi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "mama asijue."

Jioni, kwa huu mdomo wangu, mama mkwe alijua kabla sijavua viatu.