Kofia Iliyobaki Msumarini

Fundi cherehani alirudi kutoka kununua zipu, akaiona kofia ya mwanawe ikining'inia msumarini, na moyo ukampasuka. Kofia ile pana haikuwa ya urembo. Mtoto alizaliwa na ualbino, na nyumba nzima ilijua: bila kofia, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, hakuna kutoka mchana. Shati la mikono mirefu lilikuwa kitini. Losheni ilikuwa kwenye sinki, kifuniko hakijaguswa.

"Bosi!" aliita. Ndivyo walivyomwita yule binti wa miaka tisa, kwa jinsi alivyopenda kuwapangia wakubwa kazi.

Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, aliyeachiwa mtoto. Simu ilipopokelewa, alichosikia kwanza ni kelele za watoto na maji yakipigwapigwa.

"Mko wapi?"

"Bwawani, wifi. Tafadhali usianze. Leo mawingu matupu, jua lenyewe halionekani. Mtoto mnamfungia ndani kama kuku wa mayai, naye..."

Hakungoja amalize. Alishika shati, kofia na losheni, akatoka mbio na tepu ya kupimia bado shingoni.

"Mama, tiketi!" mlinzi wa geti alipaza sauti.

"Sikuja kuogelea mimi!"

Ndani ya uzio, mawingu yalikuwa membamba kama shashi, na mwanga mweupe ulirudi kutoka kwenye maji na saruji ukamchoma macho. Daktari alishawaonya kuhusu siku kama hizi: wingu jepesi haliizuii miale, na maji huirudisha usoni.

Wifi alikuwa chini ya mwavuli, kandambili ndogo pembeni yake.

"Yuko wapi?"

"Si yule pale..." Wifi akanyoosha kidole, kidole kikabaki hewani. Akainuka. "Alikuwa pale sasa hivi. Wallahi, sasa hivi."

Mwokoaji wa bwawani hakuuliza mara mbili. Alipuliza filimbi, akaamuru wote watoke majini. Watoto walipanda ngazi mmoja mmoja, wakilalamika, na kila kichwa kilichotoka hakikuwa chake. Mwokoaji akapiga mbizi. Wifi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mama mtu, kucha zikimwingia, na hakuna aliyehisi.

Mwokoaji akaibuka, akatikisa kichwa. Hakuna mtu chini.

Mama akavuta pumzi. "Bosi," aliita, kwa sauti ya upole aliyoilazimisha. "Mama hana hasira."

Nyuma ya kibanda cha pampu ikatoka sauti ndogo: "Kweli?"

Alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta mweupe, pasipo kivuli. Alikuwa amemwona mama yake getini, akakimbilia huko kujificha. Mabega yalikuwa yameiva mekundu, na alipojaribu kusimama aliuma meno.

"Mama, nimeelea. Shangazi aliniachia, na sikuzama."

Mama aliyaacha maneno makali yote aliyokuja nayo. Alimvisha shati taratibu, mkono mmoja kisha wa pili.

Zahanatini, muuguzi alimwekea vitambaa vya maji baridi. "Hii itapona," daktari alisema. "Ila ngozi haisahau. Madhara hujilimbikiza kila akiungua, na huko mbele ndiko saratani inakotokea."

Wifi alilia pale kwenye benchi. "Nilidhani mnamdekeza."

Kwa wiki kadhaa salamu za mama na wifi ziliishia mlangoni. Lakini Bosi, ngozi ikimbanduka mabegani, kila siku aliuliza bwawa linafungwa saa ngapi.

Mwishowe mama alikwenda peke yake kumuuliza mwokoaji. Akaambiwa kuwa jioni kivuli cha ukuta hufunika upande wote wa maji ya kina kifupi. Akashona vazi la kuogelea la mikono mirefu na kola ya juu, akafumua kola mara mbili. Kisha akampigia wifi, maana yeye mwenyewe hakujua kuogelea.

Jioni waliyopanga, mama alimpaka Bosi losheni masikioni, shingoni, juu ya nyayo.

"Nyuma ya magoti, mama," Bosi aliamuru.

Wifi alisimama majini, mikono chini ya mgongo wa mtoto.

"Usimwachie," mama alisema kutoka ukingoni.

"Wifi, nisipomwachia hataelea."

Mama alikunja ngumi. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amefumba macho na kuinua kidevu, akisubiri.

"Haya," akasema. "Mwachie."